Kilio Changu Kwenye Wimbo wa Mapenzi

Akina mama, nikiongea polepole mnivumilie. Wengi wenu mliniona nikilia kabla hamjanijua.

Mume wangu alikuwa mvuvi pale Usenge, kando ya ziwa. Asubuhi wavuvi wenzake walipomleta ufuoni, amezama, amefunikwa turubai, nilianguka mchangani, leso ikafunguka, nikapiga mayowe. Kwenye ufuo huo huo kulikuwa na vijana wa mjini wakirekodi video ya wimbo. Nawaambia kweli, sikuwaona. Mtu aliyefiwa haoni kamera.

Baada ya mazishi dada yangu akanipigia simu kutoka Kondele.

“Uko kwa video.”

“Video gani?”

“Ya mapenzi. Msichana anaachwa na mpenzi wake, halafu unatokea wewe, unalia.”

Ule wimbo ukashika kila mahali. Watu wakasema sehemu yangu ndiyo inawaingia moyoni. Redioni wakabishana: huyu mama ni mwigizaji ama analia kweli? Vijana nao wakaikata ile sehemu, wakawa wanatumiana kwa simu kama mzaha timu yao ya mpira ikifungwa. Hebu fikirieni.

Nilimtafuta mwimbaji. Alinisikiliza kwa heshima, lazima niseme. “Pole sana, Mama. Hata nikiitoa leo, watu wameshaihifadhi. Siwezi kuirudisha.” Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Ningemwendea nani tena?

Kisha shemeji zangu wakaniita. Wakasema nilipanga na wale vijana, nimemuuza ndugu yao. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Ningelia, wangesema naigiza tena.

Ndipo mmoja wenu akaingia. Yuko hapa, simtaji. Huwa tunaanika omena pamoja, vile vidagaa vya ziwani. Hakungoja kukaribishwa kiti.

“Mimi ndiye nilimfunga leso siku hiyo,” akasema. “Alikuwa hajui hata yuko wapi. Kamera ilikuwa mbali, nyuma yetu. Kama mnataka kuuliza mtu, niulizeni mimi.”

Shemeji mkubwa akamsogezea kiti. Halafu akasema, “Mama, keti.” Akanigeukia mimi, akaniambia pole. Ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kuniambia pole tangu tuzike.

Ndugu zangu, msidhani imeisha. Juzi tu Katito sokoni, kinyozi aliipiga ile video kwa sauti kubwa. Niligeukia ukuta mpaka ikaisha. Siwezi kuizima. Nitazeeka, nitakufa, yenyewe bado itakuwa inalia.

Lakini nakula. Narudi sokoni. Asanteni nyinyi mliokuja kwangu mkakaa bila kuuliza maswali, na wewe mama uliyesema nilipokosa sauti.

Ombi langu ni moja. Ukiona mtu analia kwenye simu yako, kabla hujacheka, kabla hujamtumia mwenzako, jiulize anamlilia nani. Mimi nilikuwa namlilia mume wangu. Nywele zake zilikuwa bado na maji.