Bwana Tope na Moto Alioukataa Mama Mkwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na kabla sijafungua karatasi hii naomba kila aliyekaa chini ya turubai aape moyoni kwamba atakayoyasikia hayatavuka geti, maana kuna jambo marehemu aliniapisha nisilitamke maisha yake yote, nikanyamaza huku ulimi ukiniwasha, sasa maisha yake yametimia, na kiapo kimetimia pamoja nayo, kwa hiyo nitalisema, tulieni tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1957, mtoto wa tano wa baba fundi bomba na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, ambako mwaka 1977 alipata cheti cha mitambo na mchumba wa kwanza, ambaye leo amekaa mstari wa tatu, simtaji.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye mitambo ya kusafisha majitaka, hapo nyuma ya ukuta huu, wenzake wakamwita Bwana Tope, naye akaitika, kwa sababu lile tope linalozama chini ya majitaka, lililokuwa likibebwa na malori kwenda kutupwa, yeye na wenzake walilifungia kwenye tangi kubwa lisiloingia hewa, likapashwa moto taratibu kama uji, vijidudu vikalila, na gesi ikapanda juu, ikasafishwa harufu, ikaendesha injini ya umeme wa pampu, na mwaka 1998 iliyozidi ikaletwa kwa bomba hadi kwenye nyumba zinazopakana na ukuta, ya kwanza ikiwa hii, na tope lililobaki likakaushwa likawa mbolea nyeusi ya bustani. Alizoea kuniambia, “Dada, watu wanavuta maji chooni wakidhani wameagana, kumbe tunakutana jikoni.”

Tarehe 12 Desemba 1983 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, wakajaliwa watoto wanne, nesi, dereva, mwalimu, na kitindamimba anayelinda tangi lile lile la baba yake, na mama mkwe alimpenda mkwewe kwa yote isipokuwa moto wake, kwani siku gesi ilipowashwa alitoka jikoni leso puani akitangaza, “Moto wa chooni? Hakipiti kitu hapa kooni!” Tangu hapo kila alipokuja kukaa alishuka na jiko lake la mkaa, sufuria yake na kikombe chake, akapika uani peke yake, akala peke yake, na marehemu, aliyejaliwa mengi, akabaki na hamu moja tu, mama wa mke wake akae naye meza moja, wale chungu kimoja.

Sasa ile siri. Mwaka 2009, msimu wa mvua, mkaa ulilowa chapa, marehemu akarudi nyumbani kufuata miwani aliyoisahau, akamkuta mama mkwe jikoni, gesi inawaka, chai inachemka, mama anaimba. Alirudi kinyumenyume, akaja kwangu akicheka mpaka machozi, nikamwambia twende tukamfumanie, akasema, “Weee, Dada! Ukimwaibisha mama hatakanyaga tena kwangu, niapie.” Nikaapa. Basi kila mama alipokuja, mkwewe alimnunulia mkaa kwa uso mkavu, akaacha kiberiti kando ya jiko la gesi, kisha akatuswaga wote nje, eti tukanyooshe miguu, ili mama apike kwa raha zake, na ninyi mliokuwa mkishangaa kwa nini gunia la mkaa haliishi, jibu ndilo hilo.

Machi 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara mbili, mama mkwe akampelekea uji wa chupa kila asubuhi, naye akaunywa wote, akanikonyeza, kwani haukuwa na chembe ya harufu ya moshi. Tarehe 9 Juni 2023 alitutoka usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, hamu yake ile haijatimia.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na machozi, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili waliobaki zamu, maana vijidudu havina likizo ya msiba. Wa mwisho namshukuru mama mkwe, na mstari huu niliuandika alfajiri, nikijua kwamba nikifika hapa jua litakuwa utosini, naye asiyeweza kukosa chai atakuwa ameinuka kimyakimya, ndiyo maana niliuzuia mlango wa jikoni kwa tofali usifungike, na jiko lake la mkaa lile pale uani, baridi kama sakafu.

Geuzeni shingo, wote.

Mama, usizime. Ongeza maji birikani, uje utumiminie mezani kwa mwanao, na wewe mdogo wangu, pumzika kwa amani, moto wako umekubalika mbele ya watu.