Kilomita Thelathini Zilizopotea: Risala ya Karakana ya Magari ya Majaribio

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu, meneja wetu, na ndugu mliosimama juani kwa kuwa viti ni vya wageni:

Karibu karakanani. Ofisi ilituagiza risala isizidi karatasi moja na isifukue ya zamani. Karatasi ni moja, tumetii. Tumeandika pande zote mbili.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na moja iliyopita tuliletewa limuzini tatu ambazo wakubwa walikuwa wamezichoka, na malori matatu mazito yaliyofia kwenye ujenzi wa barabara. Tukaambiwa tutoe humo magari mepesi ya mizigo. Tulikata, tukaunga. Kichwa na injini vya limuzini. Chesi, ekseli na magurudumu vya lori. Mbele ilizoea kubeba waheshimiwa, nyuma kokoto, na zikapatana upesi kuliko tulivyopatana sisi.

MAFANIKIO

Hapa tuna desturi yetu. Gari jipya likipakiwa mzigo wa kwanza, aliyechomelea chesi hulala chini yake. Magari yote matatu yalipakiwa tani mbili mbili, na wachomeleaji wote watatu wako mbele yako, wazima na vitambi juu.

Fundi wa spidomita peke yake ndiye ambaye kazi yake haina namna ya kulaliwa chini.

CHANGAMOTO

Huyo fundi alichukua spidomita ya limuzini, waya wake ukitoka kwenye gurudumu la mbele, akaifunga kama ilivyokuwa. Gurudumu la limuzini ni dogo. Letu la lori ni kubwa, likizunguka mara moja linameza barabara ndefu zaidi. Spidomita haikujua, na siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Siku ya majaribio gari lilimaliza lita kumi na nne. Spidomita ikasema kilomita sabini. Zilikuwa mia. Ripoti ikaandika kwamba gari linakunywa lita ishirini kwa kilomita mia, na mwisho uliowekwa ulikuwa kumi na sita. Mradi ukafungwa. Magari mawili yakakatwa vyuma chakavu. Tulikuwa arobaini, tumebaki tisa.

Kosa aliliona yeye mwenyewe, kesho yake asubuhi. Hakulificha. Alimfuata injinia kijana aliyekaa kando ya dereva na daftari, akamwambia, "Ni mimi. Nilisahau gurudumu. Tupime upya." Yule kijana akamjibu, "Ripoti imeshapanda juu, mzee. Mimi nitaishusha vipi?"

Mgeni rasmi, kijana huyo ulikuwa wewe. Hatusemi umesahau. Tunasema sisi hatujasahau.

Lakini tukikushika shati wewe peke yako tutakuwa waongo. Lako ulilifanya asubuhi moja. Letu tumelifanya miaka kumi na moja. Tulimbatiza Mzee Kilomita. Akikaa kwenye benchi la chai, mmoja wetu humuuliza, "Mzee Kilomita, toka hapa mpaka bombani ni mbali gani kwa spidomita yako?" Mwanzoni alicheka pamoja nasi. Baadaye akawa anabeba kikombe chake na kwenda kunywea ndani ya gari la tatu, lile lililobaki, vioo vimepandishwa. Tukaona benchi limepata nafasi. Mkewe alipofariki tulituma watu wawili, wakasimama nje, wakarudi mapema kabla hajawaona.

Mlinzi wa lango ndiye aliyetuambia habari za Jumapili. Mzee huja peke yake na mafuta yake mwenyewe. Uwanja huu, kuuzunguka kando ya ukuta, ni mita mia nne. Aliupima kwa futi kamba, akipiga magoti. Ameuzunguka mara mia mbili na hamsini, amepakia mawe, akiweka alama ya chaki kila mzunguko. Kilomita mia kamili. Pamoja na kona zote hizo, gari lilikunywa lita kumi na tano, kwa hesabu aliyoiacha ukutani kwa chaki. Hakumwonyesha mtu. Amwonyeshe nani?

OMBI

Wenzetu kwingine wangeomba paa na vifaa. Sisi tuna moja.

Jumamosi mzee anastaafu. Jumamosi hiyohiyo gari la tatu linakatwa, ili magari mapya unayoyazindua leo yapate pa kuegeshwa. Tunaomba kesho lipimwe barabarani, kwa nguzo za kilomita: hamsini kwenda, hamsini kurudi. Daftari ulishike wewe. Likizidi lita kumi na sita, gesi ya kulikatia tutaishika sisi. Lisipozidi, andika ripoti nyingine, na umsomee yeye angali mfanyakazi. Ulisema huwezi kuishusha kwa kuwa imepanda juu. Leo huko juu unakaa wewe.

Leo hayupo hapa. Meneja amempa kazi nyuma ya stoo, asije akakusumbua.

Mungu akulinde njiani, akupe siha na usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na mwenzake. Nasi atupe huo huo.

Ni sisi wafanyakazi wa Karakana ya Magari ya Majaribio. Tuko tisa, saini ni nane. Yake haimo. Hatukumwomba, maana ingetubidi tuanze kwa kumsalimia.