Siku Niliyovutwa Kutoka Kwenye Tangi Kang'ata

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme machache, na mafundi wenzangu mnajua mimi si mtu wa hotuba. Mnivumilie.

Kazi yangu ni kusafisha na kuziba matangi ya maji. Nimeifanya miaka mingi, kuanzia kwetu Kerenge hadi Handeni, bila hata mchubuko. Kiburi kilianzia hapo. Mtu akinitajia hewa mbaya, namcheka. Hewa ni hewa, nasema.

Kiangazi kimoja tuliitwa Kang'ata, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Bibi mmoja alikuwa na tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ardhi, mdomo wake wa kupita mtu mmoja tu. Maji ya chini yalikuwa yameoza, na mpira wa pampu haukufika. Basi nikafanya ujinga. Nikaishusha pampu ya petroli mle mle ndani, nikaiwasha, nikapanda juu kunywa chai.

Maji yalipokauka nikataka kushuka kuizima. Bibi akasema, "Fundi, moshi wote huo, unaingiaje?"

"Bibi, hii ndiyo kazi yangu."

Akaingia ndani, akarudi na kamba ya katani. "Jifunge. Hutaki, fungasha vyombo vyako uende."

Nilijifunga anyamaze tu, wallahi.

Nilipofika chini niliwahi kuizima pampu. Kichwa kikawa kizito kama nimebebeshwa gunia. Nikataka kumwita shemeji, sauti haikutoka. Nikashika ngazi, ikaniponyoka. Baada ya hapo sijui kitu, nimesimuliwa.

Shemeji aliniona nimelala kwenye tope. Akavua kandambili, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi. Bibi akamkamata shati kwa mikono miwili.

"Niache, bibi! Shemeji yangu anakufa!"

"Ukishuka mnakufa wawili! Shika kamba, vuta!"

Bibi akapiga yowe, majirani wakatoka mashambani wakikimbia. Mmoja naye akataka kushuka, akafukuzwa. Wakavuta wote. Mabega yangu yalichunika mdomoni mwa tangi, makovu ninayo, na nayapenda. Mwenye duka akatoa pikapu yake, nikakimbizwa hospitali, nikawekewa oksijeni. Nilipata fahamu kesho yake.

Siku ya tatu bibi alikuja kunitazama. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akakaa kitandani, akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema. Kaka zake wawili walifia kwenye shimo moja la choo. Wa kwanza alishuka kuchukua ndoo, akaanguka. Wa pili akamfuata kumwokoa.

"Wa pili alikuwa mzima, mwanangu," akasema. "Mzima kabisa."

Ndugu zangu, nawaambia, nililia mbele ya wagonjwa wote. Nilikuwa nimemwona bibi mwoga, kumbe alijua asichokijua fundi.

Kupona kulichukua miezi. Nilikuwa nasahau. Natumwa chumvi, nasimama njiani sijui naenda wapi. Mke wangu, yule pale anainamisha uso, alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi pale Mombo, anarudi jioni amechoka, ananikuta nimekaa vile vile. Hakunisema hata siku moja. Shemeji alifanya vibarua, akileta unga anauweka mlangoni, anaondoka kabla sijashukuru.

Leo nafanya kazi tena, alhamdulillahi. Nikiweza kusafisha nikiwa juu, sishuki. Injini inakaa nje, mbali na mdomo wa tangi. Ikilazimu kuingia, tunawaita wenye kifaa cha kupimia hewa, na wakisema hapana, ni hapana. Pua haitoshi, jamani. Hewa inayoua inaweza isinuke kabisa. Na siingii bila kamba, na bila watu wa kuivuta. Wapo wateja wanaoniona nawachelewesha, wakaenda kwa fundi mwingine. Nawaombea heri.

Nakushukuru, mke wangu. Nawashukuru watu wa Kang'ata. Bibi yule Mungu amzidishie umri.

Na wewe shemeji, simama wakuone. Najua bado inakuuma kwamba hukushuka. Watu humsifu anayeruka. Lakini ungeruka, dada yako angezika mume na kaka siku moja. Ahsante kwa kubaki juu ukavuta.