Kiti cha Mwenyekiti

Kijiwe cha kahawa cha Mzee Hatibu kipo Mwembesongo, pale malori ya Mgeta yanaposhusha kabichi alfajiri. Benchi ni moja, refu, na kila mtu ana mahali pake. Ncha ya kushoto, inayopakana na mtaro, ni ya Halidi, fundi cherehani, ambaye kwa miaka tisa pua yake ilizibwa na sainasi: kichwa kinagonga, usiku analala mdomo wazi, hajui harufu ya sabuni wala ya mchuzi. Lakini kijiweni alikuwa mtu mkubwa. Walimwita Mwenyekiti, na hata akichelewa, ncha ile haikaliwi na mtu. Heshima hiyo ilimliwaza sana. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa pua huko Dar, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi.

Aliketi, akapokea kikombe, akavuta pumzi. Kisha akakiweka kikombe chini.

— Jamani, kuna kitu kimeoza.

Eustace, fundi feni anayeitwa Injinia, akamtazama Ramadhani. Ramadhani wanamwita VAR, kama ile video ya marefa wa mpira, kwa sababu hakuna neno linalosemwa hapa asilolirudisha nyuma kulikagua. Halidi aliona wanatazamana, akadhani wanamhurumia.

— Mi sisikii kitu, Mwenyekiti, akasema Injinia.

— Tumerudia tukio, akasema VAR. Hamna kitu.

Halidi akaishika pua yake.

— Daktari aliniambia nikisikia harufu ya kuoza nirudi haraka. Ina maana ndani kumeharibika.

Injinia alikohoa kidogo.

— Usikimbilie huko. Pua ni kama feni. Feni ikikaa stoo miaka tisa, siku ukiiwasha inatoa vumbi kwanza. Hizo ni harufu za zamani, ndo zinatoka.

— Sasa hii ni ya mwaka gani?

— Nzito hivyo? Mwaka wa kwanza kabisa. Ndiyo iliyokuwa chini ya zote.

— Napinga, akasema VAR. Pua imefunguliwa Dar, si ndiyo? Basi imesajiliwa Dar. Hapo ulipo unanusa Dar.

— Kilomita karibu mia mbili? akauliza Mzee Hatibu.

— Mtandao, mzee wangu.

Halidi alijaribu. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto.

— Nikielekea mlimani inapungua. Nikielekea mtaroni inazidi.

— Si unaona? Milima ya Uluguru inakata mtandao.

— Achana naye, akasema Injinia. Wamekosea waya. Tundu la kulia wameliunga kushoto. Kizuri unakisikia kibaya. Hayo unayoyasikia ni marashi.

— Na nikisikia marashi?

— Ukisikia marashi, kimbia.

Halidi hakucheka. Alikumbuka pamba ndefu zilizotolewa puani, na maji ya chumvi anayojisafishia asubuhi na jioni. Alikumbuka juzi, mkewe Chausiku alipokaanga vitunguu, naye akasimama mlangoni pa jiko akalia kwa kuisikia harufu yake baada ya miaka tisa. Siku mbili tu, na sasa ananyang'anywa. Aliogopa kweli. Akasimama.

— Naenda hospitali.

Ndipo akafika dada mmoja mwenye mkoba, mtandio ameubana puani.

— Shikamooni. Naitwa Stella, mwalimu mgeni, naulizia njia ya shule. Samahani, mnavumiliaje harufu hii?

Injinia akaingiza uso kikombeni.

— Mwalimu, akasema Halidi polepole, wewe unasikia harufu gani?

— Ya kabichi zilizooza. Si hizo hapo mtaroni?

Halidi alikatazwa na daktari kuinama, kwa hiyo alichungulia akiwa wima. Majani ya kabichi yalijaa mtaro mzima, tena alikuwa akiyaona kila siku. Akavuta pumzi, akavuta nyingine, machozi yakamtoka.

— Kabichi, alisema. Ni kabichi tu. Nimepona.

Furaha ilipotulia, aliwageukia wenzake.

— Na nyie mlikuwa mnasikia?

— Miaka yote tisa, akasema Mzee Hatibu.

— Kwa hiyo uenyekiti wangu?

— Tulikuchagua kwa kauli moja, akasema Injinia, macho chini.

Iliuma, na Halidi hakulificha hilo. Alichukua kikombe, akaenda ncha ya kulia, akasema, Sogeeni. Wote waliokaa benchini wakasogea, na VAR akajikuta kushoto kabisa, juu ya mtaro.

— Uchaguzi urudiwe, alisema VAR akiwa ameziba pua.

Mwalimu Stella alikuwa bado analitazama lile benchi.

— Samahani, kaka zangu. Hili benchi si linabebeka?

— Linabebeka, akasema Injinia.

— Sasa mbona hamkulihamisha?

Injinia alimtazama VAR. VAR akaitazama miguu ya benchi. Mzee Hatibu akainamia birika lake. Halidi peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli: alikisogeza kikombe puani, akainusa kahawa ya kijiwe aliyokunywa miaka tisa. Ilikuwa imeungua. Akainywa yote.