Fundi Taratibu na Pikipiki ya Mlimani

Fundi Taratibu anatuacha tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye gereji hii ya pikipiki za wauguzi. Mimi ninayepika chai na kufagia ndiye niliyeambiwa niseme habari zake, karani aandike, maana waliomwona akiwa na nywele zote tumebaki mimi na huu ukuta.

Alikuja kama kibarua wa kuosha vyuma vyenye mafuta machafu. Akapanda kidogo kidogo mpaka akawa fundi mkuu, na cheo hakikumbadilisha kitu ila kofia. Jina la Taratibu tulimpa sisi. Akifunga nati utadhani anamfunga mtoto vifungo vya shati. Mke wake, wifi yetu sote hapa, alishakuja kuuliza kama mumewe amehamia gereji moja kwa moja, ampelekee na godoro. Na chai yake huiacha ipoe ndiyo anywe, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Sasa maji nimechemsha ya nini?

Ila sifa yake kubwa ni sailensi, yaani ule mlio wa pikipiki ikiwa imesimama na injini inawaka. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo kama punje ya mahindi, ndiyo inayopima mafuta na hewa. Ukiikosea, ukipunguza mwendo tu injini inazimika. Yeye kwanza anaizungusha pikipiki mtaani mpaka injini ipate moto, ndipo anashika bisibisi. Anazungusha kama anamkuna mtoto aliyelala, anasikiliza, anarudisha kidogo. Ukimsemesha hapo hakujibu hata kama nyumba inaungua.

Sasa niseme la wiki iliyopita, maana tangu siku ile moyo wangu haujakaa mahali pake.

Binti yangu ni mkunga, na pikipiki yake ndiyo inayopanda vijiji vya mlimani. Hapa uani hiyo pikipiki miaka yote inalia vibaya, inakwenda inakata, kama mzee mwenye kikohozi. Watu humcheka Fundi, naye kimya. Anayepokea kazi yake ni mkwe wangu, mume wa huyo huyo binti. Fundi mzuri tu, simsemi vibaya, mkwe hasemwi.

Siku hiyo Fundi kaitwa ofisini kwa mambo ya kustaafu. Mkwe akaona leo ndiyo siku ya kumwonyesha mkewe mapenzi. Akaishika ile kabureta, pikipiki ikalia tamu kama cherehani mpya. Binti akacheka, "Kumbe nimeolewa na fundi." Akaondoka. Kule juu kulikuwa na mama kashikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza.

Fundi akarudi, akauliza ya mlimani imetokaje.

"Inalia vizuri, mzee. Nimeinyoosha."

"Umeinyooshea hapa?"

"Sasa ningeinyooshea wapi?"

Yule mzee akakalia ndoo. Akaeleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile. Kule juu hewa ni nyepesi. Skrubu ikiwa sawa huku chini, kule mafuta yanazidi, injini inavimbiwa, inazimika. Ndiyo maana hapa huiacha na njaa kidogo, ikashibe kule. "Nilidhani unajua," akamwambia mkwe, "kumbe sikuwahi kukuambia."

Tukampigia binti simu, hapatikani. Mkwe hagombezwi. Nikafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Wao wakapanda pikipiki moja, mkwe anaendesha, mzee nyuma kakumbatia mfuko wa vifaa. Nikabaki naiona akilini ile kona ya mlimani yenye mawe, pikipiki inazimika, inarudi kinyumenyume na mwanangu juu yake. Na yule mama kitandani anamngoja nani?

Waliikuta pikipiki kando ya njia, plagi yake ya kuwashia injini nyeusi tii kwa masizi ya mafuta yaliyozidi. Binti alishafika kwa miguu, begi kichwani. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, na mama yake mzima. Mkwe akasimama mlangoni mwa mzazi aombe msamaha, binti akamwambia, "Toka hapo, unaniziba mwanga."

Sasa sikilizeni alichofanya Fundi, mkwe mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Hakuigusa ile pikipiki. Plagi ilipokwisha kusafishwa alimpa mkwe bisibisi, akaenda kukaa juu ya jiwe, akamgeuzia mgongo. Injini ikazimika, mzee kimya. Ikazimika tena, kimya. Mpaka sailensi ilipotulia ndipo akainuka, akakung'uta suruali, akasema twendeni. Na tangu hapo kila pikipiki wanaipeleka wote wawili inakofanyia kazi, ya bondeni bondeni, ya mlimani mlimani.

Fundi, gereji nzima inakushukuru. Nami nakushukuru kwa kutomwaibisha mkwe wangu. Ukalale, ukale kwa wakati, wifi naye akuone mchana. Lakini siwezi kujifanya siogopi. Mkwe sasa anajua, ila kujua kwa juzi si kujua kwa miaka, ukungu wa mlimani unakuja, na binti kesho kutwa anapanda tena. Basi nenda salama, uzee uwe mwepesi mabegani mwako, na hiyo simu tafadhali usiizime.