Anayepepea Mkaa kwa Ndara

Kama hujawahi kufundishwa kazi yako na watu wasioijua, nenda Yopougon, kitongoji cha Abidjan, ukakae kwenye benchi la Bailo siku ya Alhamisi, gazeti linapotoka. Bailo ni Mfulani wa Guinea; huimwaga kahawa ya maziwa toka kikombe cha juu hadi cha chini bila kudondosha tone, na hasemi sana, kwa sababu wa kusema wapo. Yupo Kamisaa, aliyelinda geti la kituo cha polisi hadi akastaafu na cheo ambacho hakuna aliyempa. Yupo Profesa, ambaye amefanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu mara nyingi kiasi kwamba wasimamizi sasa wanamuuliza hali ya watoto. Yupo Refa, fundi matairi, ambaye kibanda chake kinagusana na benchi na bado safari ya kwenda kazini humshinda. Na mwishoni kabisa mwa benchi, mahali penye msumari, hukaa Boka Séverin, waliyembatiza jina la Biki, kama kalamu isiyomtoka mfukoni. Ndiye anayechora Tapé wa Paris.

Tapé wa Paris ni katuni ya ukurasa wa mwisho, na ndiyo sababu nusu ya nchi hulisoma gazeti lile kinyumenyume. Ni jamaa anayevaa suti ya sufu kwenye joto la Abidjan, anadai ametoka Paris juzi, na hiyo juzi sasa ina miaka tisa. Haachani na sanduku lake jekundu ambalo halijawahi kufunguliwa. Akimposa binti wa watu, mahari ipo ndani ya sanduku. Akila kwako, zawadi yako ipo ndani ya sanduku. Watu wanampenda kupita ndugu zao. Kwenye tamasha la vitabu mwaka jana walipanga foleni toka asubuhi, kila mmoja akitaka achorewe Tapé wake mwenyewe, hadi kifundo cha mkono wa Biki kikavimba kama andazi. Walimshukuru kwa kumuuliza wote swali lilelile, sanduku lina nini. Mmoja alirudi na karatasi yake akaomba yule mwanamke wa pembeni afutwe, anamziba Tapé.

Huyo mwanamke wa pembeni ndiye aliyeanzisha yote. Ni Honorine, dada yake Biki, aliyekuwa akikaanga ndizi kwenye kona hiihii. Mwaka ule wa risasi, baada ya uchaguzi, watu walipokimbia kila mmoja na njia yake, alidandia lori na wenzake na hakuonekana tena. Biki alizunguka hospitali na kambi, akatangaza redioni, akabandika picha ukutani na mvua ikazila. Alipokwenda kwa mwenye gazeti kuomba nafasi ya tangazo, aliambiwa hili ni gazeti la kuchekesha, misiba ina magazeti yake. Basi akachekesha. Tangu siku hiyo, kila ukurasa, nyuma ya Tapé, ndani ya umati wa sokoni, yupo mwanamke mwenye kovu kidevuni, mguu mmoja peku, anapepea mkaa kwa ndara, maana Honorine hakuwahi kupepea moto kwa kitu kingine. Gazeti linafika miji ya mbali, linafika Man, linafika Bondoukou, linafika San Pedro. Biki alitaka mtu mmoja tu aseme, huyu namjua. Nchi nzima ikaangalia sanduku.

Na wiki hii mwenye gazeti amemwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti kizuri, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Tapé anahamia kwenye simu, akamwambia, vijana hawashiki karatasi tena. Skrini ni ndogo, umati unaleta vurugu, toa watu wote wa nyuma, abaki Tapé na sanduku lake. Ukurasa wa Alhamisi hii ndio wa mwisho wenye watu.

Biki alikuwa na hilo kifuani alipokaa juu ya msumari wake asubuhi hiyo. Refa alikuwa ameshalikamata gazeti, lile moja ambalo Bailo hununua na mtaa mzima husoma. Mbele ya kibanda chake ilisimama pikipiki ya magurudumu matatu imejaa biringanya, tairi la nyuma limelala chali. Mwenyewe, mama mmoja wa kabila la Wagouro aliyefunga kitambaa cha njano, alikuwa ameketi juu ya debe. Alishaambiwa "dakika mbili, dada", na dakika hizo zilikuwa zimezaa wajukuu.

— Haya, mheshimiwa Biki, alisema Refa akilikunjua gazeti. Wiki nzima umejifungia, feni inakupepea, umetuletea nini? Sanduku halijafunguliwa tena.

— Halijafunguliwa, alisema Biki.

— Kwa hiyo wewe unalipwa kwa kutofungua sanduku. Basi na mimi nilipwe kwa kutoziba matairi.

— Si umeshaanza? alisema Bailo, na kwa siku hiyo akawa amemaliza sehemu kubwa ya maneno yake.

Yule mama wa biringanya alicheka bila furaha.

— Mdogo wangu, mimi sikukosoi, alisema Kamisaa, ambaye hakujua kufanya kingine. Ila hiyo kazi yako ni ya kukaa. Sisi getini tulikuwa tunasimama.

— Ulikuwa na kiti, Kamisaa, alisema Profesa. Na mto juu yake.

— Kiti cha serikali. Ukikikalia, ni sawa na kusimama.

Biki akanywa kahawa yake. Mgongo ulikuwa unamuuma toka shingoni hadi kiunoni. Kwanza unachora kwa penseli, halafu unapita na wino, halafu unafuta penseli na kuomba Mungu wino uwe umekauka. Ukikosea pua ya Tapé unarudia boksi zima la picha. Hayo hakuwaambia, kwa sababu mara ya mwisho alipowaambia Refa alimuuliza kwa nini asichore tu vizuri tangu mwanzo.

— Tukirudi kwenye sanduku, alisema Kamisaa. Ni matofali. Nimeona masanduku mengi kituoni. Jinsi Tapé anavyopinda bega, hayo ni matofali ya saruji. Alitoka nayo hapahapa Abidjan ili lionekane zito.

— Wewe unafikiri kama geti, alisema Profesa. Kisaikolojia, ndani ya sanduku mna sanduku lingine. Na ndani ya hilo, lingine dogo. Na ndani ya la mwisho mna ufunguo wa lile la kwanza. Ndiyo maana hawezi kufungua.

— Ndiyo maana hukufaulu mtihani, alisema Refa. Sikilizeni. Ndani ya sanduku yumo Tapé.

— Tapé si huyu hapa nje?

— Huyu ni pacha wake. Tapé halisi alirudi toka Paris na heshima zake, pacha akamkunja akamtia ndani. Angalieni pembeni ya sanduku, kuna matundu ya kupumulia.

— Hayo ni matone ya wino, alisema Biki. Kalamu ilivuja.

— Mnaona? Refa aliwageukia wenzake kwa huruma. Mtu anachora kitu, mwenyewe hajui amechora nini. Bila sisi angepotea huyu.

— Mtu mmoja ni mdogo sana kwa sanduku kubwa namna ile, alisema Kamisaa, ambaye hakupenda kupitwa. Mimi nimeshabadilisha msimamo. Ndani ni Paris yenyewe. Ameikunja ameibeba. Ile iliyobaki kule ni ya bandia, wameijenga haraka kuficha aibu. Mbona kila anayetoka huko siku hizi anarudi amekonda?

Profesa alifikiri kidogo, akasema kwamba kisayansi hilo haliwezi kukataliwa. Refa akadai kama ni hivyo basi na mnara umo, na ndio unaompinda Tapé bega. Wakaanza kugombana kama mnara unakunjika. Bailo aliwaongezea kahawa wote bila kuulizwa, maana alijua urefu wa ugomvi wa aina hiyo.

— Wiki ijayo Tapé anahamia kwenye simu, alisema Biki.

Kamisaa akashusha kikombe chake.

— Na sanduku?

— Linahama naye. Watu wa nyuma ndio wanaotolewa.

— Watu wa nyuma wepi? aliuliza Refa.

— Hawa. Wa sokoni. Wapita njia.

Refa aliuinua ukurasa, akauangalia kwa mbali, kisha akapumua kama mtu aliyeponea ajali.

— Ah, hao. Nilidhani unasema jambo. Watolewe bwana, wamekaa nini pale? Wanamnyima Tapé hewa.

— Kisanaa ni vumbi, alisema Profesa.

— Mimi nilishamwambia zamani, alisema Kamisaa. Umati bila kitambulisho ni hatari popote.

— Mmeshawahi kuwaangalia? aliuliza Biki. Hata mara moja?

Sauti yake ilitoka na kitu ndani yake, na wote walikisikia, lakini wanaume wa benchi lile walikuwa na dawa moja tu kwa kitu cha namna hiyo.

— Tuwaangalie ili iweje? Refa alisema. Wana sanduku?

Wakacheka. Hata Profesa alicheka hadi akamwagia kahawa suruali yake ya mtihani. Biki naye alitabasamu, kwa sababu miaka tisa ya kuchekesha hukufundisha hilo kwanza. Ndani alikuwa anajisemea imetosha. Nimemtembeza Honorine nchi nzima, na watu wa benchi langu mwenyewe, walionunua ndizi zake kwenye kona hii, wanamwita vumbi. Alihisi hasira, na chini ya hasira uchovu, na akaamua kwamba leo atamaliza kahawa hii aende akamfute kwa mkono wake kwenye ukurasa wa wiki ijayo.

— Wewe bwana wa matairi, alisema yule mama wa biringanya. Kama huzibi, nipe hilo gazeti nijipepee.

Refa akampa, kwa ukarimu wa mtu anayetoa mali ya mwenzake. Mama akalikunja mara mbili, akajipepea shingoni, akaacha. Akalikunjua. Akalisogeza karibu na macho.

— Huyu anayepepea mkaa kwa ndara ni nani?

— Yupi? aliuliza Refa.

— Huyu. Nyuma ya sanduku.

Wakaegemea wote watatu. Kamisaa alivaa miwani.

— Ni mtu tu, alisema Profesa. Umati.

— Mtu gani?

— Wa sokoni.

— Anaitwa nani?

Hawa ni watu wanaojua namba ya kiatu cha Tapé. Wanajua kijiji cha mama yake, wanajua upande anaolalia na dawa anayotumia akivimbiwa. Kamisaa akavua miwani akaisafisha. Refa alimwangalia Biki, kisha gazeti, kisha ile kona ya barabara ambako siku hizi wanauza vocha za simu, na uso wake ukabadilika taratibu.

— Biki, alisema kwa sauti ndogo. Huyu si...

Biki alikuwa ameshamgeukia yule mama. Bailo akanyoosha mkono toka ndani ya kibanda chake cha kahawa akampokea kikombe.

— Kwa nini unauliza, dada? Biki alisema.

— Nauliza kwa sababu mmemweka kwenye gazeti na sidhani kama anajua. Huyu ni Mama Ndara. Kila siku ya soko nakula ndizi zake, kwetu Zuénoula. Tunamgombeza, mama, siku moja mguu huo utaungua. Hasikii.

— Ametoka wapi?

— Hasemi. Ukimuuliza kwao, anakuongezea ndizi ili unyamaze. Mtu gani huyo, ukimuuliza kwao analia na kukaanga kwa wakati mmoja? Tukaacha kumuuliza. Yule mama alimkazia macho Biki, akaangalia na kidevu chake, pua yake, namna alivyokaa. Wewe ni nani wake?

— Ni mdogo wake.

Mama alijifunga kitambaa chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

— Mimi naitwa Lou Tina. Lori letu la biringanya linarudi jioni hii. Ukikaa mbele na dereva, utafika. Yaani kama huyu bwana ataziba tairi la pikipiki yangu, maana mzigo huu sijausambaza bado.

Refa alikuwa ameshainuka. Hakuna aliyemwona akiinuka. Walisikia tu jeki ikigonga chini na pampu ikianza kuhema. Kamisaa alikwenda kumshikia gurudumu, yeye mwenye mgongo wa kustaafu. Profesa peke yake alibaki kwenye benchi, akajikohoza.

— Na sanduku je? aliuliza.

Hakuna aliyemtazama.

Lou Tina alikuwa bado ameshika ukurasa.

— Kovu mmelipatia, alisema. Na mguu. Ila nywele mmekosea. Siku hizi ana mvi.

— Wapi? Biki alichomoa kalamu mfukoni, akaliweka gazeti juu ya goti. Nioneshe. Wapi?

— Hapa mbele. Upande huu.

Biki akaishusha kalamu juu ya kichwa cha dada yake. Mkono uliokuwa umechora Tapé miaka yote ile haukuweza kuvuta mstari mmoja. Wino ulitoka tone, ukatanuka kwenye karatasi, na machozi yakaanguka karibu yake, na mbele ya wanaume wote wale hakujisumbua kuyafuta.

Lou Tina akaitoa kalamu vidoleni mwa Biki, taratibu, akamrudishia mfukoni.

— Acha, kaka. Ukifika utaziona mwenyewe.