Doa katika Jicho la Pasha

Kijiwe chetu cha Üsküdar kina benchi moja, mkahawa wa Hikmet na paka mmoja mweupe, Pasha. Hajawahi kulala ndani ya nyumba ya mtu. Kila mlango wa mtaa una bakuli lake, naye hupita akikusanya ushuru. Asubuhi hiyo alipanda mapajani mwa Nevzat, fundi viatu mjane, na Nevzat akaona doa la kahawia kwenye jicho la kushoto limetanuka. Roho ikamruka. Huyo paka ndiye aliyebaki kumsalimia asubuhi.

— Jamani, hili doa linakua!

— Husuda hiyo, akasema Redio, mwenye habari kabla hazijatokea. Paka wa mtaa wa pili wamekonda, wetu mnene. Wanamkodolea macho.

— Si nimemvalisha ushanga wa bluu wa kukinga kijicho? akasema Nevzat.

— Ushanga mmoja kwa mtaa mzima wa wenye wivu?

— Acheni ushirikina! akafoka Profesa, muuza magazeti. Ni dagaa wa Bahari Nyeusi. Weusi umepanda kichwani.

Hikmet akadakia kutoka jikoni:

— Mbona wewe unawala kila siku na macho yako bado ni ya bluu?

— Mimi natia ndimu!

Redio akapindua kikombe chake, akasoma bahati katika mashapo ya kahawa.

— Naona safari. Na mke mnene.

— Wa paka?

— Kikombe hakitaji majina. Tusubiri tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta mpya nani haupendi?

Wakacheka mpaka benchi likalia. Feride, daktari wa mifugo mgeni mtaani, alikuwa amekuja kununua kahawa. Akainama, akamulika jicho kwa simu.

— Nahofia ni saratani. Nitampima. Ikiwa ndiyo, jicho litolewe kabla haijafika kwenye ini na mapafu. Kwa jicho moja ataishi vizuri. Ila lazima akae ndani mpaka apone. Analala kwa nani?

Redio akachungulia kikombe. Profesa akatafuta miwani iliyokuwa puani.

— Ni wa wote, akasema Hikmet.

— Najua, kaka. Nauliza analala kwa nani?

Nevzat akakiwaza chumba chake juu ya duka, anachokikimbia kila kukicha.

— Kwangu, akasema. Lakini, binti yangu, paka wa ndani hufanya nini usiku?

— Humkanyaga mtu usoni, baba.

Nevzat akacheka kuliko wote, huku amemkumbatia Pasha kwa mikono miwili.